Waya Aliouacha Fundi

Kabla ya kufungua redio yoyote ya zamani, Fundi alikuwa anaipigia hodi. Sitanii. Aliiweka mezani, akachomoa waya wa umeme, akagonga ubao wa sanduku mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasema "hodi" kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akakaa kusubiri. Atakunywa chai, ataondoka, atarudi baada ya nusu saa. Mimi nilikuwa nauza mchele wa Kyela kwenye kibanda kilichopakana na chake pale Ilomba, Mbeya, na ukuta wetu ulikuwa mbao tupu, kwa hiyo kila hodi yake niliisikia. Wiki ya kwanza nilidhani ananibishia hodi mimi. Nikaitika, "Karibu!" Akachungulia, akaniangalia kama mtu aliyekatizwa mazungumzo, akasema, "Si wewe, jirani."

Basi ni nani? Akanieleza kwamba ndani ya mashine hizo kuna vidude vinavyotunza umeme hata kama waya umechomolewa tangu jana, na ukiingiza mkono kwa pupa vinakutupa ukutani. Kimoja kilishamtia ganzi vidole viwili vya mkono wa kushoto. Lazima usubiri viishiwe nguvu. "Sawa," nikasema, "kusubiri nimekuelewa. Na hodi je?" Akakoroga chai yake ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Hakunijibu siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Nilikaa naye jirani miaka kumi na saba. Kwao ni Kilolo, huko Iringa, na hilo lilijulikana kwa salamu yake ya Kihehe, "kamwene", maana alimsalimia hivyo kila mtu, Mnyakyusa kama mimi, Msafwa, hata askari wa barabarani. Zaidi ya hapo sikuuliza. Alikuwa mrefu, mkavu, anavaa koti zito mwaka mzima, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba haikumtoa kibandani.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza masabufa ya vijana na redio za bei rahisi, hizi zinazonunuliwa leo na kufa kesho. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa amplifaya za valvu. Kwa asiyezijua, valvu ni vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za babu zetu. Vikipata moto vinawaka wekundu hafifu kama makaa chini ya majivu, na ndivyo vinavyokuza sauti. Wengi walishavitupa. Yeye alivikusanya kwenye mamisheni, kwenye mashamba ya chai, kwenye nyumba za marehemu, akavifunga kwenye makaratasi na kuviandika kwa penseli.

Wateja wa mashine hizo walikuwa wachache, na wote walikuwa wabishi. Alikuwapo mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa Iringa mjini, ambaye alikuja na valvu yake kaifunga kwenye leso mbili. Akasema ile ni ya zamani sana, ina sauti tamu, haipatikani tena duniani. Fundi akamjibu, "Valvu haina sauti, mzee wangu."

"Haina sauti? Mimi nimeisikia miaka yote hiyo!"

"Ulichosikia ni njia."

Akamkalisha kwenye kigoda, uso ukutani. Mezani kulikuwa na masanduku matatu aliyoyatengeneza mwenyewe. Akapiga wimbo uleule mara tatu, kila mara kwa sanduku lake, akisimama katikati kuchomoa na kuchomeka. Mzee alisikiliza amefumba macho. Ya kwanza, akasema, ni takataka, inakwaruza. Ya tatu imekauka, haina roho. "Ya pili! Hiyo ya pili ndiyo valvu yangu!" Fundi akamwambia ageuke. Zote tatu zilikuwa ileile yake. Alichokuwa anabadilisha ni masanduku, yaani jinsi nyaya zilivyopangwa kabla na baada ya kile kichupa, umeme uingie kiasi gani, sauti ipitie wapi, itokee wapi. Mzee wa watu alicheka mpaka akajifuta machozi na leso ya valvu.

Siku ileile Fundi alinieleza jambo ambalo nalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuja kunigusa. Kuna waya mmoja, akasema, ambao mafundi wengine wanauweka na wengine hawauweki. Unachota sauti kidogo kule mwisho, inapotokea kwenda kwenye spika, unairudisha mwanzoni. Nikamuuliza faida yake nini.

"Ili mashine ijisikie inasema nini. Ikijisikia imetia chumvi, inajirekebisha. Isipojisikia inaongeza ya kwake, na wewe unakaa pale unasema tamu, tamu."

"Kwa hiyo ile tamu ni uongo?"

"Ni ya kuongezwa," akasema. "Mimi waya huu nauweka. Siwezi kumpa mtu kitu ambacho hakikuimbwa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, ukaidi mtupu. Muziki wenyewe hakuupenda. Kila mashine aliyoimaliza aliijaribu kwa matangazo ya vifo. Saa ya matangazo ikifika anafungulia, anainamisha kichwa, anasikiliza majina: marehemu fulani, mtoto wa fulani, maziko yatafanyika mahali fulani. Wateja wangu walikuwa wanakuja kununua kilo mbili za mchele wanasimama kwanza, mkono kifuani, wakidhani tumefiwa. Nikamgombeza, unanifukuzia wateja bwana wewe! Akasema, "Jina la marehemu lisiposikika sawasawa, redio ni ya nini?"

Na redio ya marehemu alikuwa haipokei mpaka arobaini ipite. Ukimletea kabla anakurudisha nayo, hata ukilia. Nilidhani ni mwiko wa kwao. Akasema si mwiko, ni kwamba mfiwa mbichi hajui anachotaka kusikia.

Mashetani hakuyaamini hata kidogo. Alikuja mama mmoja analalamika kwamba redio ya mumewe aliyefariki inaendelea kusema hata baada ya kuzimwa. Fundi akamtuliza kwa upole ambao mimi sikuwahi kupewa. Akamwonyesha kwamba redio za valvu huchelewa kunyamaza, ule umeme uliobaki ndani unamaliza maneno, sekunde kadhaa, basi. Akaizima mbele yake, na kweli, mtangazaji akafifia polepole hadi akakata. Yule mama akaondoka ameridhika, akisema ataifuata kesho. Alipopinda kona, nikamwona Fundi ananyanyua ile redio na kuigeuza uso ukutani. Akageuka, akakuta namtazama kwenye upenyo wa mbao.

Sasa niseme lililonifunga naye. Mama yangu alifariki mimi nina mwaka na miezi. Sura yake ninayo kwenye picha moja, amesimama na wanakwaya wenzake, kajifunga kitambaa. Sauti yake sikuwa nayo. Kuna watu wanasema wanakumbuka mambo ya utotoni. Mimi sikumbuki kitu, na hilo limeniuma tangu nina akili. Kilichokuwepo ni kaseti moja ya kwaya ya kanisani kwetu, iliyorekodiwa mama akiwa hai. Yeye aliimba alto. Baba alikuwa ananiambia, "Mama yako yumo humo," lakini kwenye redio yetu kwaya nzima ilikuwa uji, husikii mtu. Baba mwenyewe alipozeeka akakiri kwamba hawezi tena kumtofautisha. Alinitamkia hivyo akitazama pembeni, kwa aibu, kana kwamba kampoteza sokoni.

Nikamwomba Fundi atutengenezee mashine. Akatwambia, mimi na Baba, maneno yaleyale: nitawapa kilichoimbwa, kama yumo mtamsikia, kama hayumo msinilaumu. Akakaa nayo majuma matatu. Mchana mmoja, nikiwa napepeta mchele, kibanda chake kikapiga yowe. Sijui niliite nini kingine. Yowe la mwanamke, refu, la juu, halina pumzi. Ungo ulinianguka. Watu wa mtaa mzima walitoka wakiuliza nani kafa. Fundi akajitokeza mlangoni amepauka, akasema poleni, ni ule waya wa kurudisha, aliugeuza upande, na mashine badala ya kujirekebisha ikawa inajichochea. Ameukata, ataunga kesho kwa upande sahihi.

Kesho yake Baba hakungoja kuitwa. Alifika asubuhi na mapema, kaseti mfukoni, kavaa koti lake la kanisani. Fundi akasema bado kidogo, Mzee, kuna waya mmoja. Baba akasema atasikiliza hivyohivyo, maana kesho ya mtu wa umri wake si ya kutegemewa. Akaitia kaseti mwenyewe kwenye deki iliyofungwa humohumo kwenye sanduku la mashine pamoja na spika.

Kwaya ikatoka kubwa, ya joto, imejaa kibanda. Kwenye ubeti wa pili soprano wawili wanapanda juu pamoja, na hapo ndipo ilipotokea. Chini yao, karibu sana, karibu kuliko kwaya yenyewe, ilikuja sauti ya mwanamke. Nzito, tulivu, haina maneno, inaguna tu. Walipopanda ilikuwepo, walipoishia wao nayo iliishia. Baba akanyoosha mkono akaushika mdomo wa spika, viganja vyote viwili. "Ndiyo huyo," akasema. "Ndiyo huyo jamani." Akamgeukia Fundi akamwambia kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo, kushukuru kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akimshukuru mtu. Mimi nililia bila kujificha. Hatimaye na mimi nilikuwa na mama.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu, chuma cha kuchomelea mkononi, bado kinatoa moshi. Nilimwona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa, na mimi nikadhani ni heshima tu kwa mzee anayelia. Tukaibeba mashine siku ileile.

Baba alimsikiliza mkewe kila siku baada ya chai ya saa kumi, hadi alipofariki, na alifariki ametulia. Mimi nikaendelea. Nisiseme uongo, haikuwa starehe. Kuna siku za ukungu niliona kama ile sauti imesogea, haitoki tena kwenye spika bali pembeni yake, upande wa kiti cha Baba. Binti yangu mkubwa akawa hakai kwenye chumba kile. Alisema kaseti ikiisha anasikia kama kuna mtu amekaa kimya. Nilimwambia aache upuuzi, ni bibi yake.

Fundi hakukanyaga kwetu tena, hata kwenye msiba wa Baba aliishia getini. Ila kila tulipokutana kibandani aliniuliza jambo moja. Hakuuliza kama mashine inafanya kazi. Aliuliza, "Bado yupo?" Nikamjibu yupo. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye masabufa yake. Baadaye masikio yakaanza kumwacha, na fundi wa sauti asiye na masikio atafanya nini? Akafunga kibanda, akarudi Kilolo.

Mwaka huu binti yake akanipigia simu. Mzee hajiwezi, mama, akasema, na kila siku anamtaja jirani wa mchele. Anaomba uje, uje na mashine na ile kaseti. Sikuuliza mara mbili. Nikaifunga kwenye khanga, nikaipakata kwenye basi kutoka Mbeya mpaka Iringa, mapaja yakafa ganzi, nikalala mjini kwa ndugu, asubuhi nikapanda gari la Kilolo. Nilifika kabla ya adhuhuri. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye misonobari, nyumba yake huioni mpaka umeifikia.

Nilimkuta kitandani, amebaki koti. Ukitaka akusikie unamwinamia sikio la kulia na kupaza sauti. Nikaiweka mashine kwenye stuli karibu yake. Akanyoosha kile kidole, akagonga mara mbili. "Hodi," akasema. Tukasubiri, yeye na mimi, chai ikapoa.

Kisha akasema, "Jirani, mama yako hayumo humo."

Nilidhani homa inamsemesha. Akaendelea taratibu, macho kwenye dari. Ule waya hakuuunga. Alikusudia kuuunga asubuhi ile, Baba akamuwahi. Na sauti mbili za juu zikipita pamoja kwenye njia isiyojisikia, zinazaa nyingine, ya chini. Hakuna aliyeiimba. Haimo kwenye kaseti. Inazaliwa mle kwenye mashine, inakufa mlemle. Aliijua mara tu alipoisikia.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikasimama. "Miaka yote hii Fundi! Mimi nasalimia waya? Baba yangu amekufa anaaga waya? Kwa nini hukusema?"

"Ungesema wewe?" akauliza. "Alikuwa ameishika spika."

Nikautazama ule mdomo wa spika alioushika Baba.

"Sijawahi kumpa mtu kitu ambacho hakikuimbwa," akasema. "Ninyi tu. Niliwatengenezea mtu. Sasa kila nikifumba macho namsikia, na mimi kwa masikio sisikii kitu. Niache niuunge, jirani. Nikishauunga ataondoka, na mimi nitaondoka. Usipotaka, ibebe kama ulivyoileta, sitakulaumu."

Nilikaa kitandani kwake. Nilimfikiria Baba na ile chai ya saa kumi. Nikafikiria kurudi Ilomba na chumba kitupu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu anakuwa yatima kwa mara ya pili. Lakini nisingeweza tena kuisikiliza nikijua ni nini. Nikamwambia tuunge.

Mikono yake haikufaa tena kazi hiyo. Akanielekeza, mimi nikashika chuma chake cha kuchomelea. Waya mwekundu, kutoka pale kwenye spika, mpaka pale kwenye mguu wa valvu ya kwanza. Siyo huo, huo wa pili. Gusa, hesabu tatu, toa. Nilijiunguza kidole gumba. Alinitaka niuvute kuhakikisha umeshika. Ukashika. Vichupa vikawaka vyekundu, nikatia kaseti.

Kwaya ilitoka nyingine kabisa. Ilinywea, ikawa safi, kila mtu mahali pake. Kwa mara ya kwanza nilisikia benchi likilia, mtu akikohoa, maneno ya wimbo yote. Nikaelewa alichokuwa ananieleza siku zote kuhusu njia. Fundi hakuwa anasikia chochote, alikuwa ananitazama usoni. Ukaja ubeti wa pili. Soprano wakapanda.

Alikuwepo.

Palepale chini yao, mzito, mtulivu, karibu. Niliuvuta waya tena, ulikuwa umeshika sawasawa. Ubeti ukaisha, soprano wakanyamaza, kwaya nzima ikanyamaza kuvuta pumzi, na yeye hakunyamaza. Aliendelea peke yake, akiguna, kwenye ule ukimya.

"Ameondoka?" Fundi akauliza. Alikuwa amenishika kiwiko, na macho yake yalikuwa yananiomba. "Jirani. Ameondoka?"

Nikamwinamia sikio la kulia. "Ameondoka, Fundi," nikapaza sauti. "Umeuunga vizuri. Hayupo tena."

Akashusha pumzi ndefu. Akafumba macho, na uso wake ukalegea, akaniachia kiwiko. "Asante Mungu," akasema. "Sasa mmesikia kilichoimbwa."

Binti yake aliingia na chai nyingine. Akasimama mlangoni na sinia mkononi, akaangalia spika, akaangalia kona ya chumba, akaniangalia mimi.

"Mama," akaninong'oneza, "huyo anayeguna peke yake ni nani?"

"Mama yangu," nikamwambia.